Vipimo vya Kiangazi, Mvua ya Masika

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hasira yake haijanitoka mpaka leo. Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye mradi wa kuchunguza miteremko ya Bujumbura, na vita vimepamba moto. Ofisini kwetu, mtaa wa Mutanga Sud, tulikuwa na kompyuta. Ukiipa aina ya udongo, ukali wa mteremko na kina cha maji ardhini, inakuambia kama mteremko utasimama. Udongo wenye unyevu kidogo hushikana. Ukishiba maji, huachana.

Maji hayo tuliyapima kwa mabomba tuliyoyazamisha kwenye ukingo wa korongo, mtaa wa Musaga. Masika yalipofika, barabara ya huko ikawa haipitiki kwa risasi, na mkuu wetu akaagiza tutumie vipimo vya kiangazi. Kompyuta ikajibu kwamba mteremko ni imara. Kwa jibu hilo, familia zilizokimbia vita zikaonyeshwa pale mahali pa kujenga.

Risasi zilipotulia kidogo, nikapanda basi dogo hadi Musaga. Maji yalikuwa yamefika mdomoni mwa bomba. Nikarudia hesabu, na safari hii mteremko haukusimama. Nikampelekea mkuu.

"Batu banakufa na masasi," akasema bila kuinua macho, "na we unaniletea mambo ya maji?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Laiti kingemuumbua yeye mwenyewe; mara nyingi huanza na jirani.

Nikaenda kwa Mama Daforoza, mjane aliyejenga ukingoni kabisa na watoto wake. Hasira yake ilizidi yangu. "Mi nilikimbia masasi kule mulimani. Leo nikimbie udongo? Niende wapi na hawa batoto?"

Nikambembeleza katekista wa parokia mpaka akafungua ukumbi, tukahamishia humo magodoro na sufuria za Mama Daforoza. Jirani wa Mama Daforoza akakataa kuhama, kwa kuwa wakubwa walishamwambia pako salama.

Mteremko ulishuka Jumapili mchana. Nyumba ya Mama Daforoza ilikwenda tupu. Ya jirani haikuwa tupu.

Mazishini mkuu wetu alisema ni mapenzi ya Mungu. Nikaondoka kabla sala haijaisha, maana Mungu alishatuonyesha maji mdomoni mwa bomba.

Basi sikiliza, mwanangu. Usimpe mtu hesabu ya kiangazi akajengee masika. Kama hukuweza kwenda kupima, sema hukupima. Hakuna aibu hapo. Na wakubwa wakikunyamazisha, nenda ukagonge milango ya wanaolala ukingoni. Mungu akupe miguu ya kufika na ulimi wa kusema, na akunyime usingizi mpaka uwe umesema.