Mhehe, Mngoni na Ubishi wa Marisau

Sijawahi kushika bunduki maishani mwangu, lakini niulize marisau ni nini nitakwambia. Nimejifunza chumbani kwangu, mtoto akinyonya, kwa wivu.

Mume wangu anafanya kazi kwenye klabu ya kulenga shabaha, nje ya mji huu wa Waarabu tulikokuja kutafuta kazi, kule wenye pesa zao wanakokwenda kupasua visahani vya udongo vinavyorushwa na mashine. Yeye anajaza mashine na kusafisha bunduki. Kwenye kaunta ya risasi anakaa mwanamke mmoja kutoka Iringa. Mwanamke huyo ni Mhehe. Mume wangu ni Mngoni. Asiyejua ajue: mababu zao walipigana vita mpaka wakachoka, na wajukuu wao wakabaki kuwa watani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, anakunyang'anya kofia kichwani, anakula nyama kwenye sahani yako, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, wewe ndiye mwenye makosa.

Mimi natoka Tanga. Sina utani na Mhehe wala na Mngoni. Mimi naruhusiwa kununa.

Kila jioni mume wangu alikuwa akishuka treni ya metro, anaingia humu chumbani kwetu Al Barsha, anavua viatu na kuanza kabla hajamshika mtoto. "Unajua leo yule mla mbwa kasema nini?"

Mla mbwa ndiye huyo wa kaunta. Ndivyo anavyomwita, na yeye anamwita mume wangu mkimbia vita. Wanabishana kitu kimoja tangu mwaka uanze: ukienda kuwinda kulungu na bunduki ya marisau, upakie nini? Mume wangu anasema marisau makubwa, zile punje kama mbaazi, nyingi ndani ya ganda moja. Kwao Songea babake alikuwa na kibali cha kuwinda. Anasema kwenye kichaka kinene kulungu anachomoka miguuni pako, huna muda wa kulenga, unapiga na punje zinatawanyika, mojawapo haikosi. Mhehe anasema huo ni uchinjaji wa mtu mvivu. Yeye baba yake alikuwa dereva kwenye kambi ya wawindaji. Anasema weka risasi moja nzito, pande la risasi la ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Ulenge, na kama huna hakika usipige. Marisau ukiwa mbali yanamtoboa mnyama huku na huku, anakimbia na maumivu yake, anakwenda kufia usikokujua. Au anakugeukia na zile pembe.

"Sasa risasi moja ukikosa?" mume wangu ananiuliza mimi, kama vile mimi ndiye Mhehe. "Si umekosa yote?"

Nafungua mdomo nijibu, kumbe hakuwa ananiuliza. Ameshika simu, anamrekodia Mhehe ujumbe wa sauti.

Watu watadhani niliogopa wanalala pamoja. Hapana. Ningekuta wanalala pamoja ningejua la kufanya, ningemvunjia kaunta yake. Niliona wivu wa ule ubishi. Mimi na mume wangu tulianza hivyo hivyo. Nilikuwa nauza manukato kwenye mall, akaja kuchagua chupa, nikamwambia hiyo inanuka teksi. Akabisha. Nikabisha. Alirudi kesho yake kubisha tena, na keshokutwa. Tumeoana kwa kubishana. Kisha nikazaa, nikaacha kazi, na mtu wangu akageuka kuwa mtu wa "sawa mama". Tule ugali? Sawa mama. Tule wali? Sawa mama. Siku moja nilipika mchuzi wa samaki makusudi bila chumvi hata chembe.

"Mchuzi vipi?"

"Uko sawa."

Akaumaliza. Mchuzi ule ulikuwa maji ya kuoshea vyombo. Nililia chooni na bomba nimelifungulia, maana flati hii tunaishi familia tatu na kuta zake ni mbao.

Halafu ikaja safari. Sir mmoja, mwanachama wa klabu, alikuwa anakwenda na madam wake na ndugu zake nchi ya baridi kuwinda kulungu wa huko, wale wenye pembe kama matawi. Alikuwa amezoea kusimama kaunta kuwasikiliza hawa wawili, anatafsiriwa, anacheka. Akasema nawataka wote, mume wangu ashike bunduki, Mhehe amsaidie madam. Mwezi mzima! Mume wangu aliniletea habari hiyo macho yanang'aa kama siku ya harusi, na siku ya harusi hayakung'aa hivyo.

"Na sisi?" nikamwuliza.

"Mtarudi Tanga kidogo, mkapumzike."

"Kwa hiyo umeshaamua."

"Sir ndiye ameamua, mama."

Jumatatu klabu inafungwa. Jumatatu hiyo akamleta Mhehe nyumbani kula, eti tuzoeane. Akaingia na mfuko wa tende, mrefu, meno meupe, akanikumbatia na kusema kwa sauti jiko zima lisikie, "Mke mwenzangu! Huyu mkimbia vita anakulisha kweli?"

Najua ni utani. Mtani ndivyo anavyomwita mke wa mtani wake. Nilitamani kummwagia pilau.

Tukakaa kwenye mkeka. Hawajameza tonge la pili, wakaanza. Marisau. Risasi moja. Kichaka. Uwanda. Mume wangu anapiga paja, wali unamtoka mdomoni kwa kucheka. Mtoto analia na hakuna aliyemsikia ila mimi.

"Yalla, khalas, basi!" nikasema. "Nendeni. Nendeni mkawinde hata tembo. Huyu mwanamume hajabishana na mimi tangu nizae. Maneno yake yote unayamaliza wewe huko kaunta, mimi naletewa mdomo mtupu. Sasa unamchukua na mwili wake?"

Mume wangu akasema, "Mama, mgeni huyo."

Mhehe hakucheka. Alinitazama, akamtazama mtoto. Kisha akanyoosha mkono, akachukua paja la kuku kwenye sahani ya mume wangu, akaling'ata.

"Na safari yako naichukua vilevile," akamwambia.

"Ichukue," mume wangu akacheka.

Mhehe akafuta vidole, akatoa simu, akampigia sir pale pale mkekani. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba Mngoni ana kitoto kichanga na anaogopa baridi, badala yake aende yule Mganda anayetunza stoo ya klabu. Sir akacheka, akasema okay.

"We! Acha masihara!" mume wangu akasema.

"Nuna basi," Mhehe akamwambia. "Nuna nikuone, Mngoni."

Asingeweza. Alikaa na tabasamu limemganda kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Mhehe akala, akashukuru, akaondoka. Nilimfikisha kwenye lifti. Nilipaswa kusema ahsante. Haikutoka. Ningeizuia safari ile mwenyewe kwa kupigana nisingeumia. Nimepewa mume wangu kama mabaki ya karamu, na aliyenipa ni yeye.

Kwa mtani mume wangu hakununa. Alininunia mimi, siku nyingi.

Mhehe na sir walipokwenda kuwinda, sauti ya Mhehe ikaingia kwenye simu ya mume wangu asubuhi moja tunakunywa chai. "Mkimbia vita! Sir kapiga risasi moja tu, kulungu kaanguka pale pale. Mke mwenzangu ampe pole huyo."

Mume wangu akacheka, akairudia kuisikiliza. Akabonyeza ajibu, "Uwanda mweupe huo, hata kipofu..."

"Umeshindwa," nikamwambia. "Risasi moja ndiyo yenyewe. Marisau ni ya mtu anayeogopa kulenga."

Akaachia simu. "Wewe unajua nini kuhusu marisau?"

"Nimeyasikiliza mwaka mzima!"

"Kichakani utalenga nini, we mwanamke wa mjini?"

"Kama simwoni simpigi! Narudi nyumbani mikono mitupu!"

"Na watoto watakula nini?"

"Mchicha!"

Tulibishana mpaka jirani akagonga ukuta. Alichelewa kazini. Mhehe sijampenda, na atakaporudi sitamkaribisha haraka. Lakini jioni ile mume wangu alionja mchuzi, akakunja uso na kusukuma bakuli.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Haijazidi," nikamjibu, na ilikuwa imezidi kweli.