Mkono Ndani ya Faili la Nyirabahire

Siku hizi mkwe na mama mkwe hukaa kochi moja wakigombea rimoti, lakini mwaka 1984 kule Ihembe Celestin alikuwa ametimiza miaka sita ya ndoa bila kuutazama uso wa Nyirabahire, mama mzazi wa mkewe. Alimjua kwa sauti. Walisalimiana kupitia mkeka uliotundikwa katikati ya nyumba, yeye huku, mama kule, na heshima ilikaa mahali pake.

Mwaka huo Nyirabahire alivunjika nyonga, asiweze tena kusimama jikoni. Binti yake Kampire, mke wa Celestin, alikuwa amelelewa na shangazi huko Songambele, hakujua mapishi ya mama yake hata moja.

"Mkwe wangu," sauti ilisema nyuma ya mkeka, "vyakula nilivyotoka navyo Rwanda nizikwe navyo? Wewe unajua kuandika. Viandike."

Celestin hakuwahi kuketi darasani; herufi alizisoma kwenye magazeti yaliyofungia sukari. Akaenda Kihanga, dukani kwa Shabani, kutafuta faili gumu lenye vyuma ndani.

"Umekuwa karani?" Shabani alimtania. "Faili la nini?"

"La ndizi na maharage."

"Basi ukifika kwenye pilau uniite, bwana. Msituharibie!" Akamtolea faili lake kuukuu, kwa kuwa miaka ile jipya lilikuwa ndoto.

Celestin alitoboa karatasi kwa msumari. Akakata maboksi ya sabuni yawe vigawanyo: ndizi, maharage, senene, maziwa. Nyirabahire, kitandani pake, akalishonea jalada la ukindu mweusi na mwekundu, michirizi ileile ya vikapu vyake. Wanaopiga picha sahani kabla ya kula hawajui uzuri wa kitu kama kile.

Kila Jumamosi Kampire aliingia shambani kuchuma kahawa ya mama yake. Celestin alikaa na kalamu, mama akasema, naye akaandika.

Ukafika ubatizo wa mtoto wao. Kampire akataka kuwapa wageni eshabwe, samli inayopigwa kwa maji ya magadi mpaka iwe nyeupe kama povu. Waliionja, wakatazamana, mmoja akatoka nje kutema.

"Hebu soma tena," Kampire alisema.

"Weka magadi hivi."

"Hivi ndiyo kiasi gani?"

"Hivi. Ndivyo alivyosema."

"Alikuwa akionyesha kwa mkono, baba watoto! Hukuona?"

"Ningemwonaje mama yako?"

Kampire alicheka mpaka akaketi chini. Celestin hakucheka. Miezi mitano ya kazi, faili zima lilikuwa limejaa "hivi", na kifua cha mama kilikuwa kimeanza kukoroma.

Jumamosi iliyofuata alikiri kosa.

"Hizo 'hivi' zote umeziandika?"

"Zote, mama."

"Maskini mkwe wangu." Kisha mkeka ukatikisika. Pembeni yake ukatokeza mkono mweusi wenye mishipa, umekunjuliwa, na katikati ya kiganja fungu dogo la magadi. "Mkono si uso. Chora."

Celestin aligeuka kutazama mlango kama aliyeshikwa ugoni. Akatandika karatasi juu ya kigoda, mama akaulaza mkono, naye akauzungushia penseli kidole kwa kidole, kisha akaweka alama pale magadi yalipofika. Wakafanya hivyo kwa chumvi, kwa samli, kwa unga wa mtama. Kila ukurasa ukapata mkono wake, na kila chakula kikarudi na ladha yake. Kifua nacho kikapona, mama akaishi miaka mingine.

Mwaka 1995 ndugu walikuja na lori kumrudisha kwao. Faili alimwachia Kampire. Celestin alisimama kando ya barabara, macho chini, kama ilivyopasa. Lori liliponguruma aliyainua, yakaishia kwenye ubao wa pembeni. Juu yake mikono miwili ilikuwa imeshika, mmoja ukaachia, ukakunjuliwa kumwelekea. Aliujua kila mstari wake. Vumbi likaufunika mkono, na hakuuona tena.