Betri Mpya kwa Nahodha Mpya

Jumamosi nilikuwa dukani hapa Bagamoyo nikisubiri kupimiwa sukari, wakaingia mke na mume. Mke akaomba betri nne mpya za redio.

"Mpya za nini?" mume akauliza. "Zile za nyumbani si nimezianika juani tangu asubuhi?"

"Za kuanika hufifia katikati ya mchezo wa kuigiza," mke akajibu huku akimtazama mwenye duka.

Mume akaweka kikapu chini. "Mwaka jana nahodha wa mchezo huo alipoigizwa na yule mzee, za kuanika zilitosha. Ukasema redioni hakuna sauti kama yake. Leo wameleta kijana, zinatakiwa mpya."

"Yule mzee sauti imemchakaa, bwana."

Mume akasafisha koo. "Na yangu?"

Mke akazifunga betri kwenye pindo la kanga, akalikaza fundo kwa meno. Mwenye duka akainamia mizani yake.

Nilicheka njia nzima. Mwanamume mzima anamwonea wivu mtu asiyemjua hata sura! Nikaanza kumpangia maneno makali ya safu hii.

Nyumbani nilimkuta mke wangu ameketi karibu na redio, anangoja mchezo huohuo wa saa kumi. Moyo ukanituma niishike tochi yangu iliyotundikwa msumarini. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu, haina betri hata moja.

Tangu siku hiyo, hata nikiomba chai, naiomba kwa sauti ya nahodha.