Nyuma ya Pazia la Margareta

Mtaani kwao Kinondoni, mzee Thuwaini mwenye duka alikuwa hakimu wa swaumu za watu. Kijana akipita mchana wa Ramadhani anatafuna, mzee humfokea mbele za watu: "Kobe we! Huna haya?" Kumbe loo, kobe mkubwa, mla mchana kwa kujificha, alikuwa yeye. Adhuhuri ikipita huaga kwamba anafuata mzigo, akazunguka uchochoroni hadi kwa Margareta, mama ntilie aliyetundika kanga mbele ya mabenchi ili wanaokula wasionekane.

Hapo ndipo moyo ulipomkamata mwaka huu, tonge la wali mkononi. Kifua kikambana, jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Margareta akataka kuita bajaji.

"Usithubutu!" mzee akamkataza. "Nikionekana natoka humu mchana huu, uso wangu nitauweka wapi?"

Akajilaza kwenye benchi, meno ameyauma, hadi adhana ya magharibi. Ndipo akakubali kubebwa. Hospitali akasema kifua kilimbana njiani akiwahi futari, na Margareta, kwa kumsitiri, akasema hivyo hivyo.

Alipona, lakini nusu mtu. Kupanda kizingiti cha mlango wake tu kunamtoa pumzi.

Sasa akaja Recho, binti anayepita nyumba kwa nyumba kuandikisha kila mtu wa wilaya aliyepatwa na shambulio la moyo, wazima na marehemu. Wahiba, mke wa mzee, akaleta kahawa, akaketi hapo hapo kusikiliza.

"Shikamoo mzee. Maumivu yalianza wakati gani?"

"Marahaba. Magharibi."

"Una uhakika, mzee wangu? Wenzako waliowahi hospitali hivyo, mioyo yao haikuharibika kiasi hiki. Tunataka tujue watu wanachelewa wapi, wengine wasife."

Ewe Mola! Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliwakumbuka vijana wote aliowaaibisha, akamkumbuka na Margareta, aliyemsihi atoke mpaka machozi yakamlenga, kisha akaubeba uongo usio wake. Akidanganya tena leo, mwingine atalala kwenye benchi lile lile akingoja adhana. Akainamisha kichwa.

"Andika mchana, mwanangu. Nilikuwa kwa Margareta, nyuma ya pazia. Nakula."

Akangoja mkewe apige kelele. Wahiba hakupiga.

"Najua," alisema. "Shati nililifua mie, limejaa mchuzi. Nikasema nikusitiri, mja hakosi kuteleza." Akaisukuma kahawa pembeni. "Lakini mchana kutwa, Baba Mazin? Ulikuwa radhi uniache mjane kuliko nijue umekula?"

 Recho aliiweka kalamu chini, akatazama pembeni.