Sabuni ya Kushukuru

Mungu anafua nini? Swali hilo lilinishinda nikiwa na miaka tisa, na hadi leo hunirudia nikisikia harufu ya sabuni ya mche ikikatwa kwa uzi.

Miaka ile maduka ya Kibara yalibaki na rafu na mwenye duka tu. Tulifulia majani ya mpapai, nguo zikatoka na harufu ya shamba na madoa yale yale. Kila Jumatatu mwalimu alikagua kola, na mimi nilikwisha kurudishwa nyumbani mara mbili. Basi mama alipobadilisha ndoo ya dagaa kwa nusu mche wa sabuni, nilijua nimepona.

Jumapili nikamwona anaifunga kwenye pindo la kanga, Masatu, mdogo wangu wa miezi mitatu, akiwa mgongoni. Nikauliza inaenda wapi.

"Kushukuru."

"Kushukuru nini?"

"Wewe unaulizaga sana. Tembea."

Kigangoni kwetu, kwenye maombi ya waamini, katekista aliacha nafasi kila mtu aseme lake. Mmoja alishukuru kwa mvua, mwingine akaombea ng'ombe wake mgonjwa, kwa jina. Nikasimama.

"Tumwombee mama yangu, akumbuke kwamba kesho shuleni wanakagua kola. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," kanisa zima likaitikia kwa mazoea. Kicheko kilifuata baadaye, kikianzia kwenye kwaya.

Mama hakugeuka. Wakati wa matoleo alikwenda mbele, akaiweka sabuni kapuni, kati ya mihogo na kuku aliyefungwa miguu.

Kesho yake nilirudishwa tena. Njiani nikaamua kwamba Mungu ama hasikii, ama yuko upande wa mama. Uamuzi huo niliubeba hadi chuo kikuu, ambako niliupatia maneno marefu zaidi.

Nikiwa likizo ya mwaka wa mwisho, nilimwuliza mjane wa katekista, nusu kwa utani, kapu lile lilikuwa linaishia wapi. Alikuwa anachambua dagaa. Hakuinua hata macho.

"Chakula kilienda kwa wagonjwa. Sabuni ilikuwaga ya mkunga. Vitoto vingeogeshwa na nini, mwanangu?"

Masatu alizaliwa mikononi mwa mkunga huyo. Siku hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na majani ya mpapai tu.