Mwanvua Mfinyanzi na Chuo cha Jirani

"Mama Feza, mutoto wako amefika sura gani?"

Swali hilo Aziza alimuuliza Mwanvua miaka miwili iliyopita, juu ya ua wa matete unaotenga nyumba zao hapa Kasongo. Aziza alikuwa anaanika mpunga, na wala hakuacha kazi yake ili aulize. Mpaka leo, ukimgusia Mwanvua swali lile, mikono yake husimama juu ya udongo.

"Aliuliza akijua," anasema. "Feza wangu alikuwa hajaingia chuo cha Kurani hata siku moja, na yeye alimuona kila asubuhi akipita na mtungi wa maji. Aliuliza ili nisikie jibu langu mwenyewe."

Saa kumi na mbili asubuhi, sala ya alfajiri imekwisha, Mwanvua amepiga magoti nyuma ya nyumba yake anakanda udongo alioubeba jana kutoka kijitoni. Anaupiga, anaukunja, anaupiga tena, huku vidole vikichambua vijiwe na vizizi. Kijiwe kama punje ya mtama chatosha kupasua chungu motoni. Udongo ukiiva mkononi, anausimamisha juu ya kigae na kuanza kuupandisha. Chungu hakizunguki. Anayezunguka ni yeye, ameinama, akirudi nyumanyuma kama mtu anayefagia nyayo zake.

Kila mwezi huchoma vyungu arobaini. Mvua ikimwahi, kumi hupasuka. Chungu cha wali hukibadilisha kwa vibaba viwili vya mpunga. Mumewe Zuberi ni mpagazi. Aliondoka na msafara wa pembe kupitia Kabambare kwenda ziwa la Tanganyika, na huu ni mwezi wa tano hana habari zake.

Mwanvua hakuzaliwa katika nyumba ya kwao. Mama yake aliletwa Kasongo kutoka nchi ya Wamaza, mateka, shingo ikiwa katika kamba, akafia uani mwa watu. Mwanvua alikuwa amezaliwa katika ua ule ule, akaachwa huru bwana mwenye nyumba alipofariki. Baba yake Aziza, yeye, alikuja na misafara ya mwanzo kutoka Tabora, na kanzu yake mwilini na msahafu wake kwapani. Na katika mji huu, mwaka huu wa 1306 wa Hijria, anayejua kusoma ni muungwana. Asiyejua, hata ajifunge nguo nzuri namna gani, akipita watu humwita mshenzi nyuma ya mgongo wake.

"Wivu nilikuwa nao, siwezi kumdanganya Mungu," anasema Mwanvua, macho yakiwa kwenye udongo. "Aziza akipika, harufu inakuja kwangu. Aziza akipata shanga, mimi naona shingo yangu tupu. Lakini shanga ningevumilia. Mutoto wake kusoma na wangu hapana, hilo lilinishinda."

Basi akaanza kutafuta chuo.

Karibu na nyumba yake vilikuwepo viwili. Cha kwanza ni cha Mwalimu Sumaili, mzee mkavu asiyecheka, mwenye watoto tisa tu barazani kwake. Nuru, binti Aziza, alikuwa mmoja wao, na wanane waliobaki ni wajukuu wa mwalimu mwenyewe. Watoto wa pale huchonga kalamu zao za tete na kuchoma mchele mpaka uwe makaa, wapate wino. Kisha huandika wenyewe mbao zao, wakakosea, wakaosha, wakaandika tena. Nuru alikuwa akirudi nyumbani na vidole vyeusi mpaka kwenye viganja.

"Mimi nilikuwa nacheka," Mwanvua anakumbuka. "Nilisema kwa sauti, asikie: hawa wanasomeshwa au wanachomeshwa makaa?"

Tena Mwalimu Sumaili ana desturi yake. Hapokei mtoto mgeni mpaka aletwe kwa mkono na mzazi ambaye mtoto wake yuko pale tayari. Mtoto akitoroka au akivunja adabu, anayeulizwa kwanza ni yule aliyemshika mkono. Kwa Mwanvua maana yake ilikuwa moja: aende kwa Aziza, aombe.

"Afadhali ningekula udongo huu," anasema.

Chuo cha pili kilikuwa cha Mwalimu Assumani, kando ya njia ya sokoni. Hapo watoto walizidi sitini, na sauti zao zilifika mpaka kisimani. Mwalimu Assumani alikuwa na kofia nyeupe na maneno ya asali. Mtoto akimaliza juzuu moja ya Kurani, ubao wake hupakwa rangi nyekundu na ya manjano, naye huvishwa vizuri na kutembezwa nyumba kwa nyumba, wenzake wakiimba nyuma. Kila nyumba hutoa mayai, kuku au mchele.

Mwanvua alikwenda kumwona, na mtungi mpya kichwani uwe zawadi.

"Mwalimu, nataka binti yangu ahitimu upesi," alimwambia.

"Kwangu, mama, hakuna mutoto anayechelewa," Mwalimu Assumani akajibu.

Mwanvua hakuuliza zaidi. Hakukaa barazani kutazama jinsi watoto wanavyofundishwa, yeye ambaye hanunui hata kikapu cha kuni bila kukipindua. Anasema alikuwa anatazama kofia, na nyuma ya kofia alikuwa anauona uso wa Aziza siku ya maandamano.

Siku hiyo ilifika baada ya miezi minane. Feza, mwenye umri wa miaka tisa, alitembezwa mtaa mzima na ubao wake wa rangi. Walipofika kwa Aziza, Mwanvua alisimama mbele kabisa.

"Mama Nuru, na wa kwako amefika sura gani?" akamuuliza.

Aziza alitoa mayai manne, akasema Mungu ambariki mtoto, akarudi ndani.

"Mayai manne," Mwanvua anasema. "Nilikuwa ninayahesabu kama vile ni pembe."

Furaha ile ilimpanda kichwani. Alimpa Feza kijiti, akamwambia aandike Bismillahi kwenye shingo ya kila mtungi kabla haujakauka. Feza akaandika mistari mizuri inayopinda na nukta zake. Mitungi ile Mwanvua aliipanga kandokando ya ua, maandishi yote yakielekea kwa Aziza. Watu wa sokoni ambao hawajui herufi waliisifu, wengine wakaongeza kibaba kimoja juu ya bei.

Mwezi uliopita akaja Bibi Faida, mjane wa karani aliyekuwa akiwaandikia matajiri barua zao. Alishika mtungi mmoja, akaugeuza juani, akaufuata mstari kwa kidole.

"Nani ameandika hapa?"

"Binti yangu, bibi. Amehitimu juzuu."

"Mwanangu, usikasirike. Hapa hakuna neno. Naona nukta saba zinazunguka kutafuta herufi zake."

Upande wa pili wa ua, ungo wa Aziza ulinyamaza.

Mwanvua alimwita Feza. Bibi Faida akamwandikia mtoto herufi mbili mchangani, akamuuliza ni zipi. Feza alizitazama, kisha akafumba macho na kuanza kusoma sura kutoka mwanzo, kwa sauti tamu, bila kukosea. Bibi Faida akamsimamisha katikati, akamwambia aendelee kutoka pale pale. Mtoto hakuweza. Ilibidi arudi mwanzo.

"Mwalimu huandika yeye," Feza akasema, machozi yakimlenga. "Sisi tunafuata sauti."

Siku ile ile Mwanvua alikwenda kwa Mwalimu Assumani, udongo ungali umemkauka mikononi.

"Mwalimu, mbona mwanangu hajui herufi?"

"Mama, nani aliniomba herufi?" akajibu, wala si kwa ukali. "Uliniomba ahitimu upesi. Amehitimu."

Mwalimu alisema kweli, na Mwanvua akarudi nyumbani. Ijumaa iliyofuata, kabla ya adhuhuri, aliivunja mitungi yote yenye maandishi, mmoja mmoja, kwa mchi. Aliona haya kuiuza, na aliona hofu zaidi: jina la Mungu lilikuwa limekusudiwa pale, likaandikwa upuuzi. Vigae alivizika pasipokanyagwa na mtu. Mwezi mzima yeye na Feza walikula mihogo.

Kina mama wa mtaani wanaokuja kununua vyungu sasa humuuliza habari za vyuo, maana kisa chake kimeenea. Anawajibu bila kuinua kichwa. "Usifuate ngoma. Nenda siku ya kawaida, siku ambayo mwalimu hakungojei, ukae barazani. Muulize mutoto wa pale kitu cha katikati, si cha mwanzo. Na tazama vidole vyake." Halafu huongeza, kwa sauti ya chini: "Na usimchagulie mutoto chuo kwa kumtazama jirani."

Asubuhi hii kazi yake ya udongo inaishia mapema. Anafunika chungu kwa majani ya mgomba kisije kikakauka, ananawa, anamwogesha Feza na kumpaka mafuta. Kisha anapita naye katika uwazi wa ua ambao hajaupita tangu siku ya mayai.

"Hodi."

"Karibu, Mama Feza," anasema Aziza, ungo uko magotini. "Leo umepotea njia?"

Mwanvua haketi. "Uliyaona yale maandishi?"

"Niliyaona."

"Tangu lini?"

"Tangu mtungi wa kwanza. Nuru aliyatazama akacheka, nikampiga kofi."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesemaje? Ungesema Aziza iko na wivu." Anapepeta mara moja, pumba zinaruka. "Na ungesema kweli. Baada ya siku ile ya ubao wa rangi, Nuru alikaa siku tatu hataki kula. Ananiuliza, mama, mimi nina kosa gani? Nilitamani niruke ua huu nikavunje mitungi yako yote."

"Nimeivunja mwenyewe."

"Nilisikia. Nilikuwa nahesabu."

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa," Aziza anakubali.

Hakuna anayecheka, ingawa karibu wacheke. Mwanvua anamsogeza binti yake mbele.

"Mshike mkono, umpeleke kwa Mwalimu Sumaili."

Aziza anaweka ungo chini. "Unajua watasema nini? Kwamba mutoto wa Mwanvua aliingizwa chuoni na Aziza."

"Najua."

"Na mimi sitanyamaza. Kila Idi nitasema. Siku ya harusi yake nitasimama niseme."

"Sema. Useme mpaka uchoke."

Alichokuja kukitafuta Mwanvua alikuwa amekwisha kukieleza mapema, juu ya udongo wake. Anataka siku moja Zuberi akituma barua kutoka Ujiji, isipelekwe kwa mtu mwingine yeyote. Isomwe ndani ya nyumba yao, na mwenye kuisoma awe ni Feza. Anataka mtoto wake apewe msahafu, ufunguliwe popote, aanzie hapo. Mama yake aliingia mji huu akiongozwa kwa kamba, anasema, na mjukuu wake ataingia barazani pale akiwa ameshikwa mkono, hata kama mkono wenyewe ni wa Aziza.

"Chuo kinaanza jua likifika mlangoni," Aziza anasema. "Tutachelewa."

Anasimama, anajitanda nguo yake kichwani, ananyoosha mkono. Feza hangoji kuambiwa. Anautia mkono wake katika ule wa Aziza kwa wepesi, kama mtoto aliyekuwa akiungoja siku zote, na Nuru, aliyetoka ndani na ubao wake, anamshika Feza mkono wa pili.

Mwanvua anauona wepesi ule, na wivu wa zamani unawaka tena kifuani. Anataka kumwambia Feza aangalie njia, au ashike adabu, au lolote tu.

Aziza anamtazama mara moja. Kisha anatoka na watoto wawili, na Mwanvua anawaacha waende.