Kisasi cha Unnati wa Saiba

Ukitaka kumjua Unnati, binti wa Gopal muuza vitambaa, anza na namna alivyokuwa akifunga barua za watu katika saiba yake, chumba cha kukodisha kompyuta zenye intaneti. Miaka ile watu wengi wa Nakuru walikuwa wamejifunza kufungua barua pepe, lakini kufunga hawakujifunza. Mtu anamaliza, anainuka, anavuta koti, anasema, "Sister, nifungie," na kabla hujaitika yuko barabarani. Unnati alikuwa akija nyuma yake akiwa ametazama pembeni, kama mtu anayepita mlango wa bafu uliosahauliwa wazi, anabonyeza, basi. Saiba nyingine mjini zilikuwa na kompyuta mpya na mwendo wa kasi. Yake ilikuwa na jina. Watu walisema kwa Unnati unaweza kuacha siri yako juu ya kiti na ukaikuta kesho haijaguswa.

Alisaidiwa na mdogo wake, Sanjay, kijana mwepesi wa maneno ambaye hakuweza kuona jambo akanyamaza. Mji ulipowaka moto baada ya uchaguzi, Januari ya 2008, na watu wakakimbilia uwanja wa maonyesho kulala kwenye turubai, Sanjay alikuwa akipeleka blanketi kutoka duka la baba. Siku moja akarudi amekunja uso. Alikuwa ameona magunia ya unga wa msaada yakipakiwa kwenye lori la mtu binafsi, mchana kweupe. Akakaa kwenye kompyuta, akaandika katika ukumbi wa mtandaoni ambapo Wakenya walikuwa wakibishana, na jina lake akaliweka chini: "Unga wa wakimbizi unatoka kwa mlango wa nyuma. Tukiuliza tunaambiwa tunachochea. Anayechochea ni njaa."

Hapa ni lazima niseme ukweli wote. Wakati huo serikali ilikuwa imeonya watu wasisambaze meseji za chuki, na Unnati aliunga mkono kabisa. Meseji zenye sumu zilikuwepo, na watu walichomewa nyumba kwa sababu yazo. Alidhani onyo lile lilikuwa la watu wa aina hiyo. Kumbe waliokuwa wakieneza sumu waliendelea kutembea, na aliyekuja kuchukuliwa ni Sanjay.

Aliyemchukua aliitwa Bethwel. Alikuwa afisa aliyepewa kazi ya kuangalia watu wanaandika nini, na ofisi yake haikuwa na hata kibao mlangoni. Aliingia na askari, wateja wakainamisha vichwa.

"Kompyuta hizi zinatumiwa na kila mtu, boss," Sanjay alisema, akijaribu kucheka. "Utajuaje ni mimi?"

"Jina ni la nani hapa?"

"Ni langu, lakini mtu yeyote..."

"Jina likiwepo na mwenyewe yupo. Twende."

Hakupelekwa kortini. Alirudi siku ya nne, sikio la kushoto halisikii tena, na ule wepesi wa maneno ukawa umebaki huko alikotoka. Mwezi haukuisha akapanda basi kwenda kwa mjomba wao Mwanza. Mzee Gopal alisema sentensi moja tu: "Sisi tunauza vitambaa, hatujibizani na serikali." Unnati alimsikia, akamwitikia kwa heshima, na moyoni akasema: wewe, baba, hujibizani.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Ile ofisi ya kuangalia intaneti haikuwa na intaneti. Bethwel alijaribu saiba mbili akaona zinamchosha, akarudi pale pale kwa Unnati, akavuta kiti alichokuwa akikalia Sanjay.

"Pole kwa yale, sister. Unajua kazi ni kazi."

"Karibu," Unnati akasema.

Kesho yake kiti kilikuwa kimebadilishwa, kimewekwa kile chenye spring iliyochomoza katikati. Bethwel akajisogeza huku na huku, akakaa nusu makalio mwaka mzima. Kisasi kidogo, ndiyo, lakini Unnati alikuwa akikila kama njugu. Akisikia amekohoa, anafurahi. Akisikia amegombana na mkewe kwa simu, anafurahi zaidi. Usiku akilala alikuwa akimwona katika lile turubai, ananyeshewa, anaomba unga, na yeye Unnati ndiye anayegawa. Na kila siku Bethwel alikuwa akiinuka na kusema, "Nifungie," naye alifunga bila kusoma. Alikuwa na chuki ya kutosha kujaza shimo la volkano la Menengai, lakini macho yake aliyalinda.

Mwisho wa mwaka ukaja na mswada mpya wa mawasiliano, wa kuiruhusu serikali ipekue simu na barua za watu, na saiba ikawa kama bunge.

"Wanasema ni kulinda amani," alisema mteja mmoja.

"Amani ya nani?" Huyo alikuwa Ngigi, fundi redio wa mtaa wa Free Area, mtu asiyeweza kuandika mistari miwili bila kuisoma kwa sauti. "Ukimpa mtu wa serikali kisu akukatie mkate, siku ya pili anauliza kidole chako kina kazi gani. Si tulimwona Sanjay?"

Jina hilo likapita chumbani. Bethwel alikuwa ameketi pale pale, akaandika kama hakusikia. Ndipo simu yake ikalia. Akaruka, mkono tayari uko kwenye koti. "Wakubwa wa Nairobi wanakuja kueleza watu huu mswada, na mimi ndiye wa kuongea. Sister, nifungie!"

Unnati akaenda. Akasimama mbele ya ile kompyuta, na kwa mara ya kwanza hakutazama pembeni. Hakusoma hata barua moja. Hakutaka siri zake. Alifungua ukurasa mtupu, akaandika yale maneno ya unga, neno kwa neno, kwani alikuwa ameyalala na kuyaamkia miezi yote hiyo. Chini akaweka jina la Bethwel. Akachagua kila aliyekuwa kwenye orodha ya anwani zake, wakubwa wa Nairobi ndani yake, akatuma. Kisha akafunga. Moyo ulikuwa umetulia kuliko siku yoyote tangu Januari.

Mkutano ulifanyika ukumbi wa kanisa, Free Area. Mkubwa kutoka Nairobi aliketi mbele, uso mgumu. Bethwel alipanda akiwa na jasho.

"Kabla sijaeleza mswada, nataka kusema mimi sikuandika ile barua mliyosikia. Mtu ameniibia jina. Mnaona sasa kwa nini sheria hii inahitajika?"

Ngigi akainua mkono.

"Boss, swali dogo. Jina lilikuwa la nani?"

"Lilikuwa langu, lakini mtu yeyote anaweza..."

Hakumaliza. Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele kama maji. "Jina likiwepo na mwenyewe yupo!" mama mmoja akapiga kelele. "Si ulisema hivyo?" Mwingine akadakia, "Mpeleke naye siku nne, tuone sikio gani litabaki!"

"Niliiacha wazi kwa saiba ya Unnati!" Bethwel akalia.

Vichwa vyote vikageuka. Mkubwa wa Nairobi akauliza, "Mama, ni wewe?"

Unnati akainuka polepole, akapanga shali yake begani. "Mheshimiwa, kompyuta zangu zinatumiwa na kila mtu. Nitajuaje?"

Walimpigia makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Mswada haukuelezwa siku hiyo. Haikupita wiki mbili Bethwel akahamishwa mbali kaskazini, na asubuhi ya kuondoka alipita saibani.

"Nimepoteza kazi ya Nakuru, na mke wangu amekataa kuja," alisema mlangoni. "Wewe umepata nini?"

"Nimepata wewe ukienda," Unnati akamjibu, akaendelea kupangusa meza.

Hadithi ingeishia hapo, wengine wetu tungelala vizuri. Lakini wiki ileile alikuja Kogo Jepleting, mama mkongwe wa kutoka Njoro ambaye watu wa kwao humwita kogo, yaani nyanya. Alikuwa na mwana Qatar, na Unnati ndiye aliyekuwa akimwandikia na kumsomea. Siku hiyo hakukaa.

"Mtoto wangu, nikishatoka hapa, huwa unafungua tena yangu?"

"Kogo! Sijawahi."

"Naamini," akasema Kogo, akamshika mkono, akaushika muda mrefu. "Lakini hata ya yule hukuwa umewahi." Akatoka, akavuka barabara, akaingia saiba ya ng'ambo.

Wengine hawakuja hata kuuliza. Viti vikabaki vitupu kimoja baada ya kingine, na kile cha spring Unnati akakikalia mwenyewe, kwani hakuna aliyebaki wa kuchomwa nacho. Wa mwisho alikuwa Ngigi, ambaye alikuja kusimama kama mtu wa msibani, kofia mkononi.

"Dada, tulikupigia makofi, na tungepiga tena. Ila barua zangu nimezihamisha. Usikasirike."

"Kwa hiyo mnamwogopa Unnati kuliko serikali?"

"Hapana. Tunaogopa kitu kilekile." Akakwaruza shavu. "Niambie tu. Ungejua tutaondoka, ungeacha?"

Unnati akafikiri, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza wiki nzima.

"Nisingeacha. Kosa langu ni haraka. Ningengoja yule mkubwa wa Nairobi naye akae hapa, aniambie nimfungie."

Akacheka. Ngigi alimtazama kidogo, akavaa kofia yake, akatoka.